Nyekundu ya kununua kwa vivuli vya alasiri

Miongozo mingi ya rangi za mafuta itakwambia mandhari ya shamba jua likiinama yanahitaji njano nzuri. Sawa, lakini mimi hasara niliipata kwenye nyekundu.

Nilichora shamba lililokwisha kuvunwa, miti ikitupa vivuli virefu. Vivuli nilivichanganya kwa bluu ya ultramarini, nyekundu iitwayo Alizarin Crimson kidogo na nyeupe nyingi, vikatoka zambarau laini ya jioni. Picha ikatundikwa mkabala na dirisha. Miaka michache baadaye vivuli ni bluu ya kijivu tu, na mabua ya njano yaliyokuwa yakiwaka kando ya ile zambarau yamepoa. Juzi nimeitoa kwenye fremu: ukanda mwembamba uliofichwa na mbao bado ni zambarau. Uliniuma kuutazama.

Kosa ni la PR83, msimbo wa kiini cha rangi ile ya Alizarin Crimson, yaani alizarini. Haistahimili mwanga, na ukiipunguza kwa nyeupe inafifia upesi zaidi. Hata kuta katika picha ya chumba chake cha Arles, Ufaransa, ambazo mchoraji van Gogh alizipaka zambarau hafifu mwaka 1888, leo tunaziona bluu kwa sababu nyekundu yake ilikufa. Kwa hiyo jina la mbele ya tyubu lisikubabaishe. Geuza nyuma usome msimbo, kisha daraja la ASTM, kipimo cha jinsi rangi inavyostahimili mwanga. I na II chukua, III acha.

Chaguo langu la kwanza ni Permanent Rose ya Winsor & Newton, ile ya wachoraji wazoefu. Msimbo wake ni PV19 peke yake, haikuchanganywa na kingine, na ikikutana na ultramarini zambarau inatoka safi bila tope. Naipendelea, sifichi. Ya pili ni Quinacridone Red ya Gamblin, PV19 vilevile. Ya tatu, Permanent Alizarin Crimson ya Winsor & Newton, PR177, kwa anayetaka wekundu mzito wa alizarini. Angalia lile neno Permanent, maana kampuni hiyohiyo bado inauza alizarini ya zamani.

Tyubu za wanafunzi zenye PV19 zinafaa kwa mazoezi.

Ninaowalalamikia ni wauzaji. Tyubu niliyouziwa ilikuwa na kibandiko cha bei juu ya msimbo kabisa, na nilipouliza kama rangi inadumu nikajibiwa, “Hiyo ndiyo wanayonunua wote.” Kwenye mtandao ni vilevile: picha kubwa ya tyubu, nyuma yake haionyeshwi. Bei wanatoza ya rangi ya kudumu. Siku hizi kibandiko nakibandua kwanza, muuzaji akiwa anaangalia.