Blowa au brashi kwa vumbi la kompyuta ya mezani?

Kompyuta ikianza kunguruma na kupata joto, mara nyingi vumbi limeziba mapengo ya kipoza joto, kipande cha chuma kilichokaa juu ya prosesa, yaani chipu inayoendesha kazi za kompyuta. Prosesa nyingi hujipunguzia kasi zinapokaribia nyuzi joto 100 za Selsiasi, ndiyo maana mashine inakuwa nzito.

Brashi laini ya rangi ni ya bei ndogo na inatosha kwa mabawa ya feni, ila haifiki ndani ya mapengo yale. Blowa, kifaa cha kupuliza upepo, hufika. Itoe kompyuta nje, chomoa waya wa umeme, kisha shikilia feni kwa kidole unapopuliza. Ikizungushwa kwa kasi na upepo huo, beringi zake huweza kuharibika. Mimi nachagua blowa, na brashi kwa vumbi lililogandana tu.