Uzoefu wangu: ruta kidakani, na fundi aliyelaumu ukuta

Kampuni hii ya intaneti mara ya kwanza niliwapa nyota moja. Nikaifuta nikawapa tatu. Sasa nimerudi tena kubadilisha, na nitasema sababu.

Laini ya faiba iliingia nyumbani kwetu Mkomani, hapa Lamu, miezi kadhaa iliyopita. Laini yenyewe sina neno nayo. Ukichomeka kompyuta kwa waya unapata karibu megabiti zote 20 unazolipia, asubuhi na jioni. Kilichoniudhi ni kijana aliyetumwa kuifunga.

Faiba aliipitisha dirisha la sabule, chumba cha wageni, na ruta, kile kifaa cha kusambaza waifai, akaiweka papo hapo: ndani ya kidaka, kile kishubaka cha ukutani, futi mbili kutoka sakafuni, nyuma ya televisheni. Dakika kumi kamaliza. Kidaka kina ukuta pande tano. Upande wa sita, uliobaki wazi, kauziba kwa televisheni, ambayo ndani yake mna bamba la chuma. Chuma hurudisha mawimbi yalikotoka. Huwezi kutafuta mahali pabaya zaidi ya hapo, labda uitie ruta sandukuni ufunge.

Nilipomwambia vyumba vya nyuma havitapata kitu, akanijibu: "Mama, shida ni hii nyumba. Kuta za kizamani hazifai intaneti. Ongezeni kifurushi."

Nikamwambia, mwanangu, megabiti hazitoboi ukuta.

"Kwani fundi ni wewe au ni mimi?" Akakusanya vifaa vyake akaenda zake.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Jibu lile lile: panda kifurushi. Hapo ndipo nilipochemka, kwa sababu huku si kukosea tena, huku ni kumuuzia mtu kitu kisichomsaidia. Kupanda kifurushi ni kuongeza maji tangini ilhali bomba la kwenda bafuni limeziba. Ni watu wangapi mtaani wanalipa zaidi kila mwezi na chumba cha ndani bado hakishiki?

Sasa hiyo nyumba aliyoitukana. Vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu ya boriti. Boriti la mkoko lina urefu wake, mita mbili na nusu hadi karibu tatu, na upana wa chumba haupiti hapo. Ndiyo maana vyumba vimefuatana, msana, yaani ukumbi mrefu, msana wa pili, kisha ndani, chumba cha nyuma kabisa, na kati yao ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake karibu nusu mita. Ukuta huo hunyonya unyevu, na maji hula mawimbi. Nilipima kwa programu ya bure ya simu. Mbele ya ruta ilisoma desibeli -40, hicho ndicho kipimo cha nguvu ya mawimbi, msanani -63, ndani -84. Kila zikishuka 3, nguvu iliyobaki ni nusu ya ile ya mwanzo. Kuonana kwa video bila kukatika kunataka -67 au bora ya hapo. Kwenye -84 jina la waifai unaliona, lakini ujumbe wa sauti unazunguka tu.

Lakini nyumba hiyo hiyo ina kiwanda katikati, yaani ua usioezekwa. Wazee walikiacha wazi ili upepo na mwanga vifike kila chumba, na waifai inapita humo humo, hasa ile ya gigahezi 5, ambayo ni nyepesi kwa kasi na dhaifu mno kwa ukuta. Milango ya misana inatazama kiwandani. Ruta mahali pake ni ukuta wa msana unaokabili kiwanda, mita 2 kwenda juu, chini ya boriti ambapo mvua haifiki. Ilihitaji waya wa mita 15 tu. Angeuliza, angeonyeshwa.

Mwenye shida kama hii asisubiri kampuni. Kisanduku cha faiba, yaani ile ruta ya fundi, kiache kilipo, usijaribu kuuvuta waya wake mwembamba. Ukiukunja kwenye kona, mkunjo ukawa mwembamba kuliko kikombe cha kahawa, mwanga unavuja, na ukivunjika utaona taa nyekundu ya LOS, maana yake mwanga haufiki. Zima waifai ya kisanduku. Vuta kebo ya mtandao, ile ya Cat6, hadi msanani. Kebo hiyo hufika mita 100 bila kupoteza kasi. Huko weka ruta ya pili. Kabla ya kuichomeka, ingia kwenye mipangilio yake: kama kisanduku kinatumia anwani 192.168.1.1, hii ipe 192.168.1.2, kisha zima DHCP, ile kazi ya kuvigawia vifaa anwani. Ukisahau kuizima, ruta zote mbili zitagawa anwani, na simu nyingine zitashika waifai zisipate intaneti. Kebo ichomeke kwenye tundu la LAN, si lile la WAN lenye rangi yake peke yake. Hapa wengi hukosea, halafu husema ruta ni mbovu.

Wengine watakushauri ununue kile kidude cha soketini cha kurudia mawimbi. Usinunue kama unaweza kuvuta waya. Kidude cha bei ndogo husikiliza na kusema kwa chaneli moja, hivyo kasi hukatika nusu hata kabla ya kukufikia.

Antena nazo watu huzielekeza kama bunduki. Nguvu haitoki nchani, inatoka ubavuni. Mawimbi huizunguka antena kama bangili ilivyozunguka mkono. Moja isimamishe ihudumie ghorofa yake, nyingine ilaze ihudumie ya juu. Kwenye gigahezi 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11, upana megahezi 20. Kuta zile zile zilizolaumiwa huzuia waifai za majirani, kwa hiyo chini chaneli ni safi kabisa. Panda kidari cha meko, jiko la juu ya paa, chini ya makuti, utaona majina ya mtaa mzima. Pimia huko juu, ndiyo uchague.

Adapta nyingi za ruta ni volti 12. Betri yake ndogo inakubeba saa kadhaa umeme ukikatika, soma tu volti zilingane na ampea zisipungue. Na chumvi ya bahari hula meno ya plagi za kebo. Yakianza ukijani, kata ubane plagi mpya.

Baada ya kuihamishia waifai msanani, ndani pamesoma -61, na kasi megabiti 17, kwa kifurushi kile kile. Kile kile! Ndipo nikawapa nyota tatu, kwa ajili ya laini. Nilifikiria hata nne, kwa sababu katika miezi yote hii imekatika mara mbili tu.

Jana nimeiondoa televisheni kwenye kidaka kile nipate kupafuta vumbi. Kumbe nyuma yake alipigilia waya kwa misumari ya saruji, na lipu ya chokaa imebanduka vipande viwili vya ukubwa wa kiganja, pamoja na ukingo wa nakshi. Nimepiga simu. Wamesema watamtuma mtu azibe kwa saruji. Saruji juu ya chokaa hufungia unyevu ndani, na baada ya misimu michache lipu ya pembeni nayo hung'oka. Nimewakataza wasije.

Nyota mbili. Ya laini, na ya msichana wa simu aliyeomba radhi. Fundi wa chokaa nimempata Langoni, anakuja akimaliza kazi aliyonayo.