Diski ya Kompyuta ya Zamani Ikianza Kugonga: Nunua Hii, Acha Ile

Pale Kondele, Kisumu, kuna duka linalokata stika za matatu. Mashine yake ya kukatia ina plagi ile pana ya pini 25, na kompyuta pekee inayoelewana nayo ni Pentium III ya Windows 98 ambayo kasha lake limegeuka rangi ya meno ya mvuta sigara. Siku moja mwenye duka akanipigia: "Fundi, kuna kitu kinabisha hodi ndani ya kompyuta." Nilipofika niliisikia nikiwa bado mlangoni. Tak, tak, tak, kimya, halafu tena. Hicho ni kichwa cha kusomea kikitafuta njia yake juu ya sahani ya diski bila kuiona.

Ukisikia mlio huo usiendelee kuizima na kuiwasha ukitarajia itajirekebisha. Nakili kwanza, kununua baadaye. Mimi hutumia programu ya ddrescue, ambayo hupitia sehemu zinazosomeka na kurudia zile korofi mwishoni.

Kabla ya kutoa hata shilingi, fungua kasha uhesabu pini. Pini 40 ni IDE, njia ya zamani ya kuunganisha diski na bodi, ya kompyuta ya mezani. Pini 44 nyembamba, zilizobanana, ni IDE ya laptopu, na umeme unapita humo humo. Pini 50 huenda ikawa SCSI, njia nyingine ya zamani ya kuunganisha diski, na hiyo ni habari nyingine. Kisha uliza bodi ni ya enzi gani, kwa sababu BIOS (programu ya kwenye bodi inayoiamsha mashine) za zamani zina dari ya ukubwa wa diski. Za kale kabisa hazioni zaidi ya megabaiti 504, zilizofuata zilikomea gigabaiti 8.4, nyingine 32, na baada yake kuna ukuta wa gigabaiti 137. Muuzaji anayekusukumia SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) kubwa kuliko zote huenda anakuuzia nafasi ambayo mashine yako haitaiona maisha.

Namba moja: kadi ya CompactFlash na adapta yake

Kwa mashine za DOS (mfumo uliotangulia Windows) na Windows 98 sina mjadala. Kadi ya CompactFlash (CF), ile ya kumbukumbu ya kamera, yenyewe inazungumza IDE tangu ilipobuniwa. Adapta ni nyaya tu zinazounganisha pini na pini, haina cha kutafsiri, kwa hiyo haina mengi ya kuharibika. Bei yake haizidi sana sahani ya samaki pale Dunga. Gigabaiti 4 au 8 zinatosha. Windows 98 nzima haifiki gigabaiti moja.

Ugumu uko kwenye kadi. Kadi nyingi za kamera hujitambulisha kama kitu cha kuchomoa. Windows 98 haijali. Windows XP inajali sana: haitaki kuigawa kadi hiyo sehemu mbili, na kuisakinisha humo ni ugomvi wa usiku kucha. Kwa XP tafuta kadi za viwandani, kwa mfano za Transcend au Swissbit, na umuulize muuzaji kama hujitambulisha kama diski ya kudumu. Ni ghali kuliko za kamera, lakini pia zimeundwa kuandikwa mfululizo.

Wapiga picha za harusi wa Nakuru na Kisumu walihama CF zamani, na kadi zao bado zinazunguka mitaani. Si mbaya kwa Windows 98, ila ijaribu kwanza kwa H2testw, ambayo hujaza kadi nzima kisha kusoma ilichoandika. Kadi bandia huumbuka hapo hapo. Na adapta iwe inayokubali UDMA, njia ya kasi ya DMA ya kupitisha data. Zile za bei ya chini kabisa ziliachiwa nyaya za DMA bila kuungwa, na mashine hukwama katikati ya kuwaka bila kusema kwa nini.

Namba mbili: SSD ya SATA na daraja la IDE

SATA ni njia iliyorithi IDE, na daraja ni adapta ya kuzipatanisha. Jozi hii ndiyo ya Pentium 4 zenye XP, zile zilizojaa vyumba vya kompyuta vya shule na saiba. Uzuri wake ni kwamba SSD ya gigabaiti 120 ni mpya, ina waranti, na huhitaji kuagiza Nairobi. Usitafute ya kasi: IDE inaishia megabaiti 100 au 133 kwa sekunde, hivyo ya bei nafuu ya kampuni inayojulikana inatosha.

Kuwa macho na upande wa daraja. Kuna adapta za kuunganisha diski ya SATA kwenye bodi ya IDE, na kuna za kinyume chake, na kwenye picha ni mapacha. Mimi mwenyewe niliagiza tatu kwa muuzaji mmoja wa Nairobi, zikaja kwa basi, zote za kinyume. Alikataa kuzirudisha, bado ziko kwenye kopo la misumari. Chagua yenye swichi ya kugeuza pande zote mbili, au muulize muuzaji kwa maneno haya: "Bodi ni IDE, diski ni SATA, sawa?" Chipu utakazokutana nazo ni JMicron JM20330 na Marvell 88SA8052. Mimi huchukua Marvell nikiipata.

Mambo mawili ya XP. Huanza kuigawa diski kwenye sekta ya 63, mahali pabaya kwa SSD, kwa hiyo igawe kwenye kompyuta mpya kwanza, ianzie sekta ya 2048. Halafu haijui TRIM, amri ya kuiambia SSD data gani imefutwa, basi acha kipande cha diski bila kukigawa ili SSD ipate pa kupumulia. Na kama ni Windows 98, usivuke gigabaiti 120. Ukipita ule ukuta wa 137 data hurudi kuandikwa mwanzoni mwa diski, juu ya faili zako, na hutajua mpaka siku inakataa kuwaka.

Namba tatu: mSATA kwa laptopu

Kikasha chenye umbo la diski ya laptopu, pini 44 upande mmoja, kadi ya mSATA (SSD iliyo kama kadi ndogo) ndani. Kwenye laptopu ya ThinkPad T42 kinakaa kama kilizaliwa humo. Kwenye T43 utasalimiwa na kosa 2010 kila unapowasha, kwa sababu bodi ile ina daraja lake la ndani na huchagua diski. Usichanganye mSATA na M.2, kadi ya SSD ya umbo jingine.

Kabla ya kusukuma, tafuta pengo la pini ya 20, ulilinganishe na tundu lililozibwa. Ukiteleza safu moja, umeme unaingia pasipotakiwa, na moshi hausubiri uombe radhi.

Namba nne: adapta ya SD

Kadi ya SD inapatikana kwenye kila kioski cha simu, na hapo ndipo hatari ilipo, kwani bandia ni nyingi. Chipu ya kutafsiri, mara nyingi FC1307A, hufanya kazi, lakini uandishi wa vipande vidogo vidogo ni wa kobe. Kwa mashine ya michezo ya DOS, sawa. Kwa kompyuta ya biashara ambapo stima hukatika mvua ya ziwani ikianza kunguruma, sikushauri.

Wenye Macintosh za SCSI, tafuteni BlueSCSI au ZuluSCSI, vifaa vinavyojifanya diski ya SCSI. Nimeshika moja tu.

Mwisho kabisa ni diski nyingine ya IDE iliyotumika. Viwanda viliacha kuzitengeneza zaidi ya miaka kumi iliyopita. Unanunua mgonjwa mwingine.

Ile ya Kondele niliiwekea CF ya gigabaiti 4 na betri mpya ya CR2032. Ikawaka. Mwenyewe akainamisha sikio kwenye kasha, akanitazama kwa wasiwasi. "Fundi, mbona imenyamaza?" Kadi ya pili, nakala kamili, iko kwenye droo ya pesa, imefungwa kwenye nailoni pamoja na risiti.