Mafungo ya Mababa wa Kanisa Kando ya Ziwa, Mwanza: Tathmini ya Katekista Mmoja

Kwa miaka 11 nimekuwa katekista wa wakatekumeni watu wazima, yaani wanaojiandaa kubatizwa, katika parokia moja ya Jimbo Kuu Katoliki la Mwanza, na katika muda huo nimehudhuria mafungo mengi yanayofanana: mahubiri marefu, maungamo, kuabudu Ekaristi, kisha kila mtu kurudi kwake. Niliposikia kwamba nyumba moja ya mafungo iliyo kando ya ziwa, kusini mwa jiji, ingetoa mafungo ya siku 3 juu ya Kanisa la karne za kwanza na waandishi wake, wanaoitwa Mababa wa Kanisa, nililipa shilingi 65,000 nikiwa na shaka kama historia inaweza kugeuzwa kuwa sala. Inaweza, na waliotuongoza walijua namna ya kufanya hivyo. Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo naona walilikimbia, nami nitalieleza kwa kirefu.

Utaratibu wao ni huu. Kila kipindi kina andiko moja fupi la kale, ambalo sista husoma mara 3 kwa sauti ya taratibu. Kisha washiriki hutoka nje kwa nusu saa ya ukimya, kila mmoja akijitafutia jiwe lake la kukalia. Na baada ya ukimya huo ndipo padre anaeleza andiko liliandikwa na nani, lini na katika mazingira gani. Maelezo kuja baada ya sala ndiyo siri ya mafungo haya. Ukishakaa na maneno ya mtu kwa nusu saa, unataka kumjua kama unavyotaka kumjua mgeni aliyelala nyumbani kwako.

Ijumaa usiku tulianza na Mtakatifu Yustino, mwanafalsafa aliyezaliwa Palestina na kuuawa Roma kwa ajili ya imani, ambaye karibu na mwaka 155 alimwandikia Kaisari Antonino Pio kuwatetea Wakristo. Anaeleza kwamba siku ya jua, yaani Jumapili, waamini wa mjini na wa mashamba hukusanyika mahali pamoja, husomewa kumbukumbu za mitume au maandiko ya manabii kadiri muda unavyoruhusu, kiongozi huwahimiza, wote husimama kusali, huletwa mkate na divai na maji, watu huitikia Amina, na mashemasi huwapelekea wasiokuwepo. Halafu anataja mchango: mwenye nacho hutoa anachotaka, na kinachokusanywa huwasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Mama mmoja ambaye ni mtunza hazina wa jumuiya ndogondogo huko Igoma alisimama akasema, "Baba Padre, hili ni daftari langu kabisa." Hakuna aliyeongeza neno, kwa sababu wengi wetu tulikuwa tumeona hivyohivyo: kile tunachokifanya kila Jumapili, na kile tunachokifanya katikati ya wiki kwenye sebule ya jirani, kilikuwa kinafanyika tayari miaka zaidi ya 1,800 iliyopita.

Jumamosi asubuhi ilikuwa zamu ya Didake, yaani Mafundisho ya Mitume Kumi na Wawili, andiko fupi ambalo wataalamu wengi huliweka karibu na mwisho wa karne ya kwanza. Linaagiza kufunga Jumatano na Ijumaa, kusali Baba Yetu mara 3 kwa siku, na kubatiza katika maji yanayotiririka. Yakikosekana, maji mengine. Na yote yakiwa haba, kumwagia kichwani mara 3. Tulilisikiliza tukiwa juu ya miamba, mawimbi yakigonga chini yetu. Mwongozaji alitukataza kuingia majini kwa sababu ya kichocho, akachota maji ya bomba katika chungu, na tukarudia ahadi za ubatizo huku kila mmoja akinyunyiziwa. Nilikuwa karibu na chungu. Nilisikia maji yakidondoka kutoka katika tawi, tone baada ya tone, padre akisubiri yaishe kabla ya kumwendea mtu mwingine. Tangu siku hiyo nimeacha kufundisha sakramenti ya ubatizo kwa haraka.

Hapohapo padre aliunganisha jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Didake ilikuwa imepotea machoni pa wasomi hadi nakala yake ilipogunduliwa Constantinople (Istanbul ya leo) mwaka 1873 na kuchapishwa mwaka 1883; na mwaka huohuo wa 1883 Wamisionari wa Afrika, Mapadre Weupe wa masimulizi ya wazee wetu, walikuwa wakianza misioni ya Bukumbi, mwendo mfupi kutoka tulipokuwa tumekaa. Mwanzilishi wao, Kardinali Charles Lavigerie, aliwahi kuwa mwalimu wa historia ya Kanisa katika chuo kikuu cha Sorbonne, Paris, kabla ya kuwa Askofu Mkuu wa Algiers, na ndiye aliyewaagiza wamisionari wake kurudisha ukatekumeni wa Kanisa la kale, miaka 4 kabla ya ubatizo. Wakatekumeni wangu wanaolalamika kwamba mafundisho ni marefu sasa nitawajibu kwa ushahidi.

Kipindi cha wafiadini kilikuwa kifupi kuliko kilivyostahili. Tuliwasikia wale 12 wa Scilli, wanaume 7 na wanawake 5, waliohukumiwa Karthago, mji wa kale wa Afrika Kaskazini, tarehe 17 Julai 180, ambao walipoulizwa wamebeba nini walijibu kwamba ni vitabu na barua za Paulo, mtu mwenye haki. Perpetua na Felisita, waliouawa mjini humo mwaka 203, walipewa dakika chache tu.

Sasa jambo lililonisumbua. Jumamosi alasiri tulimsoma Mtakatifu Agostino, aliyezaliwa Tagaste, Afrika Kaskazini, mwaka 354 na kufariki Hippo, huko huko, mwaka 430, Wavandali, wavamizi kutoka Ulaya, wakiwa wameuzingira mji. Mzee mmoja kutoka Sengerema aliuliza: kama Afrika Kaskazini ilikuwa na wafiadini hao, na mtakatifu ambaye chuo kikuu chetu cha Malimbe kinaitwa kwa jina lake, Kanisa lile limekwenda wapi? Alijibiwa kwamba Wavandali walikuja, kisha Waarabu, na kengele ya chai ikagongwa. Jibu hilo ni kweli lakini halitoshi. Waarabu waliiteka Misri pia, na Kanisa la Wakopti, Wakristo wa Misri, lipo hadi leo. Padre hakugusa mfarakano wa Wadonato, uliotokana na dhuluma ya mwaka 303, pale baadhi ya viongozi walipoyakabidhi Maandiko Matakatifu kwa askari na Wadonato wakakataa kuwatambua, mfarakano ambao uliwagawa waamini kiasi kwamba mwaka 411 maaskofu zaidi ya 500 wa pande mbili walikutana Karthago kubishana. Hakugusa pia suala la lugha: Wamisri walisali na kusoma Maandiko kwa Kikopti, lugha ya mkulima wao, wakati Kanisa la Karthago lilisali kwa Kilatini hata pale ambapo wanavijiji walisema Kipuniki au Kiberiberi, lugha za wenyeji. Agostino mwenyewe aliliona tatizo hilo, akatafuta mtu anayejua Kipuniki ili awe askofu wa Fussala. Sisi tuliopata kuiona kazi ya mmisionari Padre David Clement pale Bujora, karibu na Mwanza, jinsi alivyoziingiza alama za Kisukuma ndani ya kanisa, tungeyafaidi sana mazungumzo hayo. Naomba waandaaji wayape alasiri nzima safari ijayo, hata kama itabidi wapunguze mengine.

Kuhusu huduma nyingine sina mengi. Vyumba ni safi, lakini njoo na chandarua chako, maana kile cha chumba nilicholala kilikuwa na matundu. Chakula ni ugali, sato na mboga za majani, na kinatosha. Fika Ijumaa kabla ya saa 10 jioni, kwa sababu anayechelewa hukosa maelezo ya ukimya na kuwasumbua wenzake kwa simu.

Kasoro ya mwisho ni maandiko tuliyogawiwa. Yalikuwa fotokopi ya fotokopi, na mistari ya pembeni ilikuwa imefifia kabisa. Kwa mafungo yanayoheshimu hivyo maneno ya kale, na kwa ada ile, karatasi zinazosomeka ni haki ya mshiriki. Jumapili tukisubiri gari, yule mzee wa Sengerema alinionyesha daftari lake: alikuwa ameunakili ukurasa wote wa Yustino kwa kalamu ya bluu ili akawasomee wanajumuiya wake, na kila mahali fotokopi isiposomeka alikuwa ameacha nafasi ya kutosha neno moja au mawili. Aliniomba nimtafutie maneno yaliyokosekana. Nimeshayapata 9 kati ya 14, na waandaaji wameahidi kunipatia nakala safi wiki hii.