Sayansi ya filamu, Westlands: uzoefu wangu na swali walilolikataa

Nawapa nyota mbili, na hata hizo nimezitoa shingo upande. Nazungumzia zile jioni za kutazama filamu za sayansi ya kubuni, kisha mtaalamu anasimama kueleza kipi kinawezekana na kipi ni cha waandishi tu. Zinafanyika katika ukumbi mmoja Westlands, na waandaaji sitawataja. Tiketi zao si za bei rahisi, lakini hapo sina neno. Viti ni vizuri, sauti ni safi, dada wa mlangoni ana adabu zake. Nina ugomvi na mtu mmoja tu, mwezeshaji wao, kwa jinsi alivyomjibu mtoto.

Mtoto mwenyewe ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, yuko gredi ya tisa. Filamu ya siku hiyo ilikuwa Interstellar, ile ya mwaka 2014, ambayo anaijua karibu neno kwa neno. Alikuja na daftari.

Nisimnyime mtu haki yake: sehemu ya kwanza ilinifurahisha kupita kiasi. Mwezeshaji alianza na ile sayari ya maji, ambako saa 1 ni sawa na miaka 7 ya huku duniani. Akaeleza kwamba karibu na kitu chenye mvutano mkubwa muda hupita polepole, na kwamba Einstein aliliweka wazi jambo hilo zaidi ya miaka 100 iliyopita. Kisha akatuambia tutoe simu zetu. Ramani inayompeleka mtu wa boda kutoka Kangemi hadi South B inategemea setilaiti zilizo juu kiasi cha kilomita 20,000, na saa zilizomo ndani ya setilaiti hizo zingeachwa hivyo zingezitangulia zetu kwa mikrosekunde 38 hivi kila siku. Bila kurekebishwa, ramani ingekosea kwa kilomita 10 hivi siku moja tu ikipita. Ukumbi ulinyamaza. Mimi ni mtu mzima, nimetumia ramani hizo miaka yote, na sijawahi kuelezwa vizuri namna ile.

Akaingia kwenye shimo jeusi lenyewe, kile kitu cha kwenye filamu chenye mvutano mkubwa hivi kwamba hata nuru haiwezi kutoka. Tukaambiwa mwanafizikia Kip Thorne, ambaye mwaka 2017 alishiriki Tuzo ya Nobel kwa kazi ya mawimbi ya mvutano, aliwapa mafundi wa picha milinganyo halisi, nao wakaiingiza kwenye kompyuta hadi picha nyingine moja moja zikachukua saa 100 kukamilika. Akaweka kwenye skrini picha ya filamu na, kando yake, ile picha ya kweli ya shimo jeusi la galaksi ya M87 iliyotolewa mwaka 2019. Ya kweli inang'aa zaidi upande mmoja, kwa sababu gesi ya upande huo inakuja kwetu kwa kasi kubwa. Watengenezaji wa filamu walilijua hilo, wakaliacha makusudi ili watazamaji wasichanganyikiwe. Mpwa wangu alikuwa anaandika mpaka kalamu inakwaruza.

Hapo ndipo bwana yule aliposema, kwa kupita tu, kwamba habari za mashimo meusi zilianzia na kuishia Ulaya na Marekani, sisi huku ni watazamaji.

Mpwa wangu akainua mkono. Familia yetu ni ya pwani. Baba yangu, yaani babu yake, alikulia Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, na mpaka leo husimulia yale majukwaa ya chuma ya Waitaliano yaliyosimama baharini, na roketi zilizopaa kutoka hapo. Binti akapewa kinasa sauti, akasimama kwa heshima: "Samahani mwalimu. Babu yangu ni wa Ngomeni, na kule ndiko ilikorushwa setilaiti ya Uhuru, iliyosaidia kupatikana kwa shimo jeusi kwa eksirei. Sasa kama..."

Hakumaliza. "Binti," akamkata, "hadithi za babu tuziache nyumbani. Hapa tunazungumza sayansi."

Watu wakacheka. Kinasa sauti kikaondolewa mkononi mwake, akapewa bwana mmoja wa viti vya mbele aliyeuliza filamu ya mwezi ujao ni ipi. Swali hilo likajibiwa kwa tabasamu na kwa kirefu.

Ninapoandika haya damu inanichemka upya, kwa sababu kila alichosema mtoto yule ni kweli tupu. Eksirei za angani hazifiki ardhini, hewa inazizuia, kwa hiyo anayezitafuta hana budi kupanda juu. Setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa kwa kazi hiyo tu ilirushwa na Waitaliano kwa niaba ya NASA kutoka jukwaa la San Marco, hapo pwani yetu, tarehe 12 Desemba 1970. Ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ndiyo maana ikapewa jina hilo. Walikuja kwetu kwa sababu ya ikweta: huko dunia inazunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa na kuipa roketi msukumo wa bure, na setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya mnururisho ambao ungevuruga vipimo vyake.

Na ilifanya nini huko juu? Iliitazama Cygnus X-1, kitu cha mbali angani kinachotoa eksirei, ikaona eksirei zake zinapanda na kushuka kwa muda usiofika hata sekunde moja. Kitu kinachobadilika haraka hivyo lazima kiwe kidogo, maana hakuna kinachokivuka kwa kasi kuliko nuru, na nuru yenyewe huenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Wanasayansi wengine wakaigundua nyota inayozungukana nacho kila siku 5.6, wakapima mwendo wake, na uzito ukatoka mkubwa mno kwa kitu kidogo namna ile. Vipimo vya siku hizi vinaupa uzito wa majua 21 hivi. Hilo ndilo shimo jeusi la kwanza ambalo wanasayansi walilikubali kwa ushahidi mzito, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ya Uhuru, alipata Nobel mwaka 2002. Mtu anayelipwa kueleza mashimo meusi jijini Nairobi anawezaje kusimama mbele ya watu bila kuyajua haya? Na kama hayajui, ni nani aliyemruhusu kumcheka anayeyajua?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hayo yalikuwa utangulizi tu. Swali lenyewe nilikuja kulisoma kwenye daftari lake. Liliandikwa hivi: kama mashimo meusi hupatikana kwa eksirei, kwa nini wale wanaanga wa kwenye filamu waliolikaribia hawakuungua?

Sikusikia swali jingine usiku ule lililokaribia hilo. Tena lina jibu, na jibu ni tamu. Gesi inayoanguka kwenye Cygnus X-1 hupata joto la mamilioni ya digrii, na joto hilo ndilo linalotoa eksirei. Mwanadamu akisogea hapo amekwisha. Thorne alilijua tatizo hilo, na ameeleza hadharani kwamba duara la gesi la kwenye filamu walilifanya liwe limepoa, joto lake likaribie lile la uso wa jua, digrii elfu chache tu, ili ling'ae bila kumwaga eksirei na wanaanga waishi. Yaani mtoto wa gredi ya tisa, kwa hadithi za babu yake, aligusa palepale ambapo mwanasayansi wa filamu alilazimika kufanya uamuzi. Bwana yule angempa nusu dakika, jioni nzima ingepanda daraja.

Baada ya taa kuwashwa nilimfuata. "Ndugu yangu, mtoto alikuwa sahihi," nikamwambia. Hakuinua macho kwenye simu yake. "Mzee, muda ulikuwa umetubana." Nikamtajia San Marco, nikamtajia mwaka. "Ukitaka kutoa mada, waandikie waandaaji." Mpwa wangu akanivuta mkono: "Anko, twende tu."

Niliwaandikia waandaaji kweli. Nikajibiwa kwamba wanashukuru kwa maoni yangu na kwamba orodha ya filamu zijazo imeambatishwa. Nimeisoma. Hakuna hata moja ya kwetu. Pumzi ya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009, haimo, na ile peke yake inatosha mjadala wa usiku kucha: watu wake wanarudisha maji kutoka kwenye jasho na mkojo, na Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kilitangaza mwaka 2023 kwamba kinaweza kurudisha asilimia 98 ya maji yake kwa njia zizo hizo. Mambo ya wazi kabisa hayo.

Je, nakwambia usiende? Nilikuwa nimeandika hivyo, nikafuta, kwa sababu ile nusu ya kwanza ilikuwa na thamani ya pesa zangu na sitaki kusema uongo. Ukienda peke yako utafurahi. Ukienda na mtoto mwenye maswali, ngoja kwanza. Mtoto anayefyatuliwa mbele ya watu mia na ushee hufunga daftari, na huyu wetu tangu siku ile hajaniomba tena tutazame chochote. Nikikumbuka hilo hata zile nyota mbili nazionea uchungu. Ibaki moja, ya picha ya M87.

Waandaaji, mkitaka irudi, mwiteni binti huyo mbele ya ukumbi uleule na mlijibu swali lake kwa jina lake. Mwezeshaji wenu naye mpelekeni Ngomeni. Wapo wazee kule walioziona roketi zile zikipaa kwa macho yao, na baba yangu yuko tayari kumpitisha nyumba kwa nyumba.