Uzoefu wangu: karakana ya Mwanjelwa iliyotengeneza monita yangu iliyokuwa ikibaki giza kompyuta inapowaka

Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wenye steshenari na wenye ofisi ndogo ambao monita zao hubaki giza wanapowasha kompyuta, na ambao pengine wameshashauriwa kununua nyingine. Karakana ninayoizungumzia ni ndogo, ipo Mwanjelwa jijini Mbeya, nami nimeridhika na kazi yake kiasi cha kuikabidhi vifaa vyote vya steshenari yangu ya Iyunga.

Tatizo lilijitokeza majira ya baridi. Asubuhi nilipowasha kompyuta, feni ilizunguka na taa ya monita ikawaka, lakini kioo kilibaki cheusi kwa muda mrefu, na picha ilipokuja hatimaye, Windows ilikuwa imekwisha kufunguka. Mchana, monita iliyozimwa kwa muda mfupi iliwaka bila shida yoyote. Jambo hilo lilinisumbua zaidi ya usumbufu wa kusubiri, kwa sababu nilihitaji kuingia kwenye mipangilio ya BIOS, yaani programu ya msingi inayoamka kabla ya Windows, kurekebisha saa, na mipangilio hiyo kwa kawaida huonekana kwa anayebonyeza kitufe chake katika sekunde za mwanzo, wakati ambao mimi nilikuwa natazama giza. Fundi wa kwanza niliyemwendea alitaka kubadilisha mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, bila hata kuichomeka monita hiyo kwenye kompyuta nyingine.

Pale Mwanjelwa, fundi alianza kwa kutenganisha monita na kompyuta. Alichomeka monita yake kwenye kompyuta yangu, na maandishi ya mwanzo yakaonekana mara moja. Kisha akaichomeka yangu kwenye kompyuta yake kwa kebo yake mwenyewe. Kwa kuwa ilikuwa mchana, monita yangu nayo iliwaka vizuri. Hapo ndipo nilipomheshimu, kwani hakusema kwamba imepona. Aliniuliza inasumbua saa ngapi, na niliposema ni alfajiri tu, akaomba ilale karakanani bila umeme ili aiwashe mwenyewe kabla jua halijapanda. Jiji letu liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri za Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10, kwa hiyo kipimo alichokihitaji kilikuwa hapo hapo nje ya mlango.

Asubuhi kioo kilibaki cheusi kama nilivyomweleza. Alimulika tochi kwa pembeni, akitafuta picha hafifu ambayo ingeonyesha kwamba taa ya nyuma ya kioo pekee ndiyo iliyokufa, lakini hakuona kitu, akafungua monita na kunionyesha bodi yake ya umeme. Kapasita kadhaa, yaani vile vijipipa vidogo vinavyohifadhi umeme kwa muda, zilikuwa zimevimba juu, pale palipopaswa kuwa bapa. Alinieleza kwamba ndani ya kapasita za aina hiyo mna kimiminika ambacho hukauka kadiri miaka inavyopita, na kwamba iliyochoka hufanya kazi vibaya zaidi ikiwa baridi, hivyo bodi hushindwa kutoa umeme uliotulia hadi ipate joto kidogo. Maelezo hayo yalilingana kabisa na nilichokuwa nikikiona kila asubuhi.

Aliweka kapasita mpya zenye uwezo uleule, volti zisizopungua za zile za zamani, na zinazohimili nyuzi 105, akizingatia upande wa chanya na wa hasi. Gharama yote ilikuwa shilingi 20,000, ambayo ni nafuu sana ukilinganisha na bei ya hata monita iliyotumika. Tangu hapo maandishi ya mwanzo huonekana kila ninapowasha, baridi iwe kali namna gani, na saa nimeirekebisha.

Zipo kasoro. Hawatoi risiti mpaka uidai, dhamana yao ni ya mdomo, na hawapigi simu kazi inapokamilika, jambo linalomgharimu nauli mtu anayetoka Tukuyu au Chunya. Ningependa wayarekebishe hayo, kwa sababu kazi yenyewe inastahili maandishi.

Nawasihi pia wasomaji wasiifungue monita wenyewe baada ya kusoma haya. Kapasita kubwa ya upande wa umeme wa ukutani hubeba zaidi ya volti 300, na inaweza kuendelea kuzishikilia hata baada ya plagi kuchomolewa. Mnachoweza kufanya nyumbani kwa usalama ni kukaza kebo, kuhakikisha monita imechaguliwa tundu sahihi la kupokea picha, na kuazima monita nyingine kwa kulinganisha. Mkishindwa, pelekeni karakanani monita, kompyuta na kebo zake zote, na mumweleze fundi saa ambayo tatizo hutokea.