Uzoefu wangu: mwaka mmoja na samaki beta wapole hapa Kigoma

Nimekulia Ujiji, na kwetu samaki ni wa kuliwa: dagaa, migebuka, kuhe. Siku nilipoweka tangi la kioo sebuleni kwangu Mwanga, mama alisimama akaliangalia muda mrefu, kisha akauliza, "Mwanangu, ziwa letu limekosa nini hadi ununue samaki wa watu?" Halijakosa kitu. Samaki wa Ziwa Tanganyika husafirishwa hadi Ulaya na Marekani kufugwa kwenye matangi kama hilo langu. Ila mimi nilikuwa nimeshampenda mmoja tu, Betta imbellis.

Beta anayejulikana na wengi ni yule wa mapezi marefu, Betta splendens, ambaye madume wake hawakai pamoja, wanararuana. Imbellis ni ndugu yake kutoka Malaysia na kusini mwa Thailand, anaishi kwenye madimbwi, mitaro na mashamba ya mpunga. Jina hilo la Kilatini, alilopewa mwaka 1975, maana yake ni asiye na vita. Ni mdogo, sentimita 5 hivi. Dume ana mwili wa giza unaong'aa buluu, na ukingoni mwa mkia ana utepe mwekundu uliojipinda kama mwezi mwandamo.

Niliagiza sita kwa muuzaji wa Dar es Salaam: madume watatu, majike watatu. Walikuja kwa treni ya reli ya kati, zaidi ya kilomita 1,200, kila mmoja kwenye mfuko wake wenye maji kidogo na hewa nyingi. Wote walifika hai. Kwa ufungaji ule namsifu kwa moyo wote. Beta ana kiungo karibu na matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu ya maji, kwa hiyo safari ndefu anaihimili, na umeme ukikatika usiku sina hofu naye.

Malalamiko yangu ni mawili. Kwanza, dume mmoja hakuwa imbellis halisi. Alikuwa na michirizi myekundu kwenye vifuniko vya matamvua, alama ya splendens. Imbellis halisi hapo hung'aa buluu au kijani. Alikuwa chotara, na alianza ugomvi siku ileile, nikamhamishia kwenye beseni lake. Pili, niliambiwa maji yoyote yanafaa. Hayafai! Maji ya bomba hapa mjini yanatoka ziwani, na maji ya Tanganyika ni magumu, yaani yana madini mengi, na pH yake (kipimo cha asidi, ambapo 7 ni katikati na chini yake ni asidi) inakaribia 9. Samaki hawa wamezoea maji laini, yenye asidi kidogo. Walibana mapezi, wakajibanza pembeni, wakakataa kula. Siku ya nne jike mmoja akafa. Iliniuma sana, kwa sababu nilimuua kwa maji niliyoyanywa mwenyewe tangu utotoni.

Kilichowaokoa ni mvua. Niliacha mvua ya kwanza ioshe vumbi la bati, kisha nikakinga mapipa mawili na kuyafunika. Nikatumbukiza majani makavu ya mkungu, ule mti wa kivuli tunaopanda uani. Yanageuza maji kuwa kama chai ya rangi isiyokolea, na huko Asia wafugaji wa beta wanatumia majani ya mti huohuo. Nilibadilisha maji kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili. Mapezi yakafunguka.

Kuhusu upole wao, niseme kweli: una masharti. Tangi langu ni la lita 60, lenye vioo vilivyogundishwa na fundi kwa silikoni isiyo na dawa ya ukungu (dawa hiyo ni sumu kwa samaki). Lilipokuwa tupu, madume wangu wawili walikuwa wakifukuzana kutwa nzima. Nilipolijaza mimea, vipande vya vifuu na magogo madogo, kila mmoja akapata kona yake. Wakikutana wanatanua mapezi na vifuniko vya matamvua, wanazungukana kidogo, kisha kila mmoja anashika njia yake. Sijaona pezi lililochanika. Filta ni ya sponji, inasukuma maji taratibu, na juu nimefunika kwa kioo maana wanaruka.

Mwezi wa pili tangu wafike, dume mkubwa alijenga kiota cha mapovu chini ya jani la mkungu linaloelea. Akamkumbatia jike kwa kujikunja, mayai yakadondoka meupe kama chembe za chumvi, naye akawa anayafuata, anayabeba mdomoni, anayarudisha kwenye mapovu moja baada ya jingine. Yalianguliwa baada ya siku mbili. Kwa siku kadhaa hakuondoka chini ya kiota, na kila kitoto kilichozama alikirudisha juu. Mama alivuta kigoda akakaa mbele ya kioo hadi adhana ya Isha. Hakuuliza tena habari za ziwa.

Vijana waliosalia ni 11. Nitawagawa bure kwa mtu wa Kigoma au Tabora mwenye tangi lenye mimea na maji ya mvua, kwa sharti moja: ukichoka kuwafuga, nirudishie mimi, usiwamwage ziwani wala mtoni.